Kigingi cha Saba

Jumapili, Februari 9

Makamaradi, wenzangu wa jasho moja na koo moja! Kamati ya chama chetu cha wanafunzi imeniagiza niandike shajara ya msimu huu mzima, na siku ikifika niisome mbele yenu bila kuruka mstari hata mmoja. Nimekubali, kwa hiyo nawaamkia tangu leo: nyinyi wa bweni la juu mnaogombania soketi moja ya kuchajia simu, nyinyi mliofukuzwa maktaba kwa kucheka, na wewe Katibu wetu, ambaye najua utasoma haya ukiwa na kalamu nyekundu mkononi. Sikilizeni.

Juu ya mtaa anaoishi mama yangu kuna ardhioevu, bonde pana la matete ambalo hunywa mvua ya masika na kuitema kidogo kidogo hadi kiangazi. Kampuni ya ujenzi inataka kulifukia kwa kifusi na kusimamisha juu yake nyumba mia mbili na arobaini za makazi, kila moja na bustani yake. Sheria inataka kwanza ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira, na maji yapimwe mara mbili: kiangazi na masika. Kazi hiyo amepewa Mwalimu wetu, mlezi wa chama chetu, yuleyule aliyetufundisha kwamba mtaalamu asiyechagua upande ameshachaguliwa upande na mwenye nguvu. Naye amenichagua mimi niwe msaidizi wake wa uwandani.

Nina nini cha kupoteza? Nyumba ya Mama ni ya mwisho mtaani, imepakana na mtaro. Kaka yangu, ambaye ni fundi mwashi, huongeza safu moja ya matofali kwenye kizingiti cha mlango kila baada ya masika mabaya. Sasa zimefika safu tatu. Kuingia kwa Mama ni kupanda, kutoka ni kuruka. Na hayo ni maji yanayobaki baada ya bonde kunywa likashiba. Likifukiwa, pigeni hesabu wenyewe.

Jumatatu, Februari 10

Tumepima. Vigingi kumi na viwili vimechomekwa bondeni tangu mwaka jana, kila kimoja na namba yake ya rangi nyekundu. Cha saba kipo katikati kabisa, mahali pa chini kuliko pote. Maji: sifuri. Ni kiangazi, hilo halinishangazi.

Kilichonichosha ni dereva. Ofisini wanamwita Mzee Taratibu, kwa sababu neno hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Kabla gari halijaondoka anatoa kitabu chake cha safari, analamba kidole, anatafuta ukurasa, anaandika tarehe, saa, kilomita, tunakwenda wapi, nani yumo. Tukirudi anaandika tena, kisha anamfuata Mwalimu hadi mlangoni ili atie sahihi. Mwalimu anatia bila kutazama, simu ikiwa sikioni.

"Mzee, unaandika wosia?" nikamuuliza.

"Wosia hauna kilomita, binti yangu. Taratibu."

Hawa ndio watumishi wanaotuchelewesha, makamaradi! Dunia inaungua, wao wanalamba kidole.

Fomu ni moja kwa kila kigingi: namba, tarehe, saa, kina cha maji, maoni, sahihi ya mpimaji. Nilipotaka kujaza tarehe Mwalimu alinizuia kwa upole. "Acha wazi. Tarehe tunazijaza ofisini zote pamoja, kwa mwandiko mmoja, faili lipendeze." Nikatia sahihi fomu kumi na mbili. Nilijivunia sahihi yangu. Nimeifanyia mazoezi tangu kidato cha pili.

Jumanne, Februari 11

Shingo imeungua na jua. Hakuna jingine.

Jumatatu, Februari 24

Mwalimu ametaka turudie vipimo vyote. "Mtafiti wa kweli hapimi mara moja," alisema, na mimi niliona fahari kama askari anayesikia wimbo wa kikosi chake. Kwenye kigingi cha saba matope yamekauka hadi yamepasuka. Niliingiza mkono katika ufa mmoja, kiganja chote kikapotea. Nikaandika kwenye nafasi ya maoni: "Ardhi imepasuka, ufa unameza kiganja." Fomu nyingine kumi na mbili, sahihi nyingine kumi na mbili, tarehe wazi.

Mzee Taratibu aliniuliza tukiwa tunakunywa maji kivulini mwa gari: "Mbona tumerudi mapema hivi? Hata wingu la kusingizia halijaonekana."

Nikampa mhadhara juu ya umuhimu wa kurudia vipimo katika sayansi. Alisikiliza hadi mwisho, akafunga chupa yake.

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Alhamisi, Machi 6

Nimegombana na Kaka mbele ya Mama. Amesikia kampuni itaajiri waashi sitini na tayari amenunua mwiko mpya.

"Wewe unapinga nyumba," akaniambia, "nyumba ambazo hujajenga hata choo chake. Profesa wangu, unakula vitabu. Mimi nile nini, mabango yenu?"

"Utajenga nyumba ya tajiri juu ya pumzi ya mama yako?"

"Ona anavyosema! Pumzi ya mama yako! Mama, umewahi kukosa pumzi?"

"Nakosa sasa hivi kwa kelele zenu," Mama akasema. "Anayetaka kuhutubia akahutubie mtaroni, vyura wana subira."

Niliondoka nimekasirika. Niliruka kizingiti vibaya nikaumia kifundo cha mguu. Kaka alicheka, kisha akaja kunifunga kitambaa, na hakuacha kunitukana muda wote alipokuwa akifunga.

Jumatano, Machi 19

Mvua ya kwanza. Harufu ya vumbi lililosalimu amri.

Jumatatu, Machi 24

Nimemuuliza Mwalimu tunakwenda lini kupima maji ya masika. "Wiki ijayo, kamaradi."

Jumatatu, Machi 31

"Wiki ijayo."

Jumatatu, Aprili 7

"Gari lina tatizo la breki. Wiki ijayo." Mvua haijapumzika tangu Ijumaa. Darasani nimeandika ukurasa mzima wa mvua badala ya takwimu.

Jumatatu, Aprili 14

Naandikia kwenye sakafu ya darasa la shule ya msingi, ambako mtaa mzima umehamia. Karatasi ina unyevu, mtanisamehe mwandiko.

Saa kumi na mbili asubuhi Mama alinipigia simu. "Mwanangu, usije, huku kubaya." Mama akisema usije, maana yake umeshachelewa. Nilifika saa moja na nusu. Maji yalikuwa yamevuka safu ya kwanza ya kizingiti na yalikuwa yanailamba ya pili, ya rangi ya chai, yakibeba ndala, vifuniko vya sufuria, na godoro la mtu lililopita mbele yetu likiwa na mto wake juu kana kwamba kuna aliyelala.

Kaka alikuwa ameng'oa mlango na kuulaza juu ya ndoo nne sebuleni, awe na pa kuwekea vitu. Mama alikuwa amesimama juu ya meza, anachota maji kwa sufuria na kuyamwaga dirishani. Yaliyomwagwa yalirudi kwa kupenya katikati ya matofali ya kizingiti.

"Wageni wengine hupiga hodi," Mama alisema.

Saa nne asubuhi (naikumbuka saa hiyo kwa sababu redio ya jirani, iliyokuwa inaelea na bado inasema, ilitangaza saa) nilikuwa nimeshika ncha moja ya godoro la Mama juu ya kichwa changu, Kaka ameshika ncha nyingine, na maji yalikuwa yamenifika juu ya magoti. Safu ya tatu ilizama hapo hapo. Nilisikia maji yanabadilisha sauti, kutoka kulamba hadi kumeza.

Kaka akatupa godoro, akainama, akambeba Mama mgongoni. Mama kichwani ameweka mfuko wa plastiki wenye vyeti vyangu vyote tangu chekechea.

"Nishushe, mimi si mfuko wa saruji."

"Saruji hailalamiki, Mama."

Tulivuka mtaa tukiwa mstari mmoja, tumeshikana, wazee katikati. Hakuna aliyekufa. Naiandika sentensi hiyo kwa herufi zilezile kama nyingine, lakini mkono wangu unajua uzito wake. Nyumba tatu za upande wa mtaro zimebomoka kuta. Ya Mama imesimama, nyufa mbili.

Tulikuwa tumekwisha kumfikisha Mama mahali pakavu na tumerudi kuchukua majiko. Kaka alisimama akitazama juu, kule bonde liliko. Kutoka pale tulipo huonekana: lilikuwa limejaa hadi vichwa vya matete, bahari nzima iliyotulia, na maji yaliyotushinda yalikuwa ni mabaki tu ya yale lililokuwa limeyashika.

"Lile likijazwa kifusi," akauliza taratibu, "haya ya kule yatakwenda wapi?"

Nina hotuba ya dakika arobaini juu ya swali hilo. Nilimwonyesha tu kwa kidole mahali kilipokuwa kizingiti chake.

Jumanne, Aprili 15

Kuchota. Kuanika. Kuchota.

Jumatatu, Aprili 21

"Wiki ijayo." Safari hii Mwalimu alisema bila kuinua macho, na mimi kwa mara ya kwanza niliyatazama macho yasiyoinuliwa.

Ijumaa, Mei 2

Ripoti ya tathmini imewekwa wazi katika ofisi ya kata, mezani, imefungwa kwa mnyororo mwembamba kama vile tungeiiba. Nimeisoma nimesimama, kurasa mia moja na sitini.

Hitimisho: "Hata katika kilele cha masika eneo halikuonekana kuhifadhi maji. Ujenzi hautarajiwi kuathiri makazi ya jirani."

Nilicheka kwa sauti. Karani akaniambia ofisi si sinema. Nikafungua viambatisho kutafuta ni nani aliyepima masika, kwa kuwa mimi sikupima. Nikampata. Ni mimi.

Fomu kumi na mbili. Mwandiko wangu, sahihi yangu niliyoifanyia mazoezi tangu kidato cha pili. Na ile nafasi niliyoiacha wazi imejazwa, zote pamoja, kwa mwandiko mmoja, faili limependeza: tarehe 14 Aprili. Kigingi cha saba, saa nne asubuhi. Kina cha maji: sifuri. Maoni: "Ardhi imepasuka, ufa unameza kiganja."

Siku hiyo, saa hiyo, nilikuwa nimebeba godoro la mama yangu kichwani!

Makamaradi, someni tena. Ni mvua gani hii inayopasua ardhi? Walikuwa wavivu kiasi cha kutofuta hata maoni. Waliamini kwamba hakuna atakayesoma hadi ukurasa wa mia moja arobaini na moja, kwa sababu wanaosoma hawaishi mtaroni, na wanaoishi mtaroni, wao wanadhani, hawasomi. Ile fahari yangu ya Februari 24, mtafiti wa kweli hapimi mara moja! Alikuwa anachuma kiangazi cha pili ili akiuze kama masika. Na aliyemshikia kikapu ni mimi.

Nina hasira inayotaka mikono, nami mikono yangu ndiyo iliyotia sahihi.

Jumatatu, Mei 5

Ofisi ya Mwalimu. Feni inayozunguka kwa kukwaruza, majalada hadi dirishani, na ukutani picha ya maandamano yetu ya mwaka juzi, yeye mbele na bango.

"Kaa, kamaradi."

"Tarehe 14 Aprili nilikuwa wapi, Mwalimu?"

Alitua kalamu. "Fomu inasema ulikuwa bondeni."

"Na miguu yangu inasema?"

"Miguu haina kiambatisho." Kisha akalainisha sauti, ile sauti tuliyoipenda. "Nisikilize. Tungesubiri hadi tupime masika, kazi wangepewa watu wasio na hata tone la huruma. Mimi nimeweka pendekezo la mitaro, ukurasa wa tisini. Umeusoma? Nimewapatia mitaro. Mapambano ni pamoja na kujua lini upate nusu mkate."

"Mama yangu hakubebwa mgongoni kwa sababu ya kukosa mtaro. Mtaro anao. Ndio uliomfuata ndani."

"Sahihi ni yako," akasema. "Ukitangaza kwamba fomu ni za uongo, unajitangaza wewe. Na tasnifu yako iko hapa." Akaigusa kwa vidole viwili, kwa upole, kama mtu anayepima joto la mtoto. "Usipoziba ufa utajenga ukuta, binti. Uzibe mapema."

Ufa! Kati ya methali zote za babu zetu, hiyo.

Jumanne, Mei 6

Kikao cha kamati. Katibu alisoma fomu nilizozipiga picha kwa simu, akasoma shajara hii, akanirudishia. "Usithubutu kusema uliacha tarehe wazi. Watakumaliza. Sema wameghushi sahihi yako. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe ni kamaradi. Utanyamaza."

Nilinyamaza. Niliahidi kutoruka mstari, Katibu, kwa hiyo na huu umebaki.

Alhamisi, Mei 8

Kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi, ukumbi wa kata. Viti vya plastiki, bati juu, mvua inanyemelea. Mezani mwenyekiti wa kikao, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kushoto kwake Mwalimu na wakili wa kampuni. Kulia mtungi wa maji usio na glasi. Mtaa wote umekuja, Mama safu ya pili, Kaka ukutani na mikono imekunjwa.

Nilihutubia. Mnanijua. Nilianza na haki, nikapita kwenye historia, nikapanda hadi vizazi vijavyo, vijana wakapiga meza. Nikafika kileleni nikanyoosha kidole: "Na sahihi hizi, Mheshimiwa, ni za kughushi!"

Mwenyekiti alinisogezea karatasi tupu. "Tia sahihi hapa."

Mkono una kumbukumbu yake. Nilijaribu kuipotosha, ikatoka ileile, na mkia wake wa madaha. Aliiweka kando ya fomu, akazitazama zote mbili, akampa wakili, wakili akampa Mwalimu, Mwalimu akatikisa kichwa kwa huzuni ya baba.

"Mwanafunzi wangu ana moyo mkubwa," alisema, "ila uangalifu ndio tatizo. Hata hayo maoni ya ufa, ni uzembe wa kunakili. Nimemvumilia sana."

Watu walicheka. Si wa kampuni tu. Watu wa mtaa wangu walicheka, kile kicheko cha mtu aliyeona tumaini lake likiteleza kwenye ganda la ndizi. Mama hakucheka. Aliinamisha kichwa akawa anakunja na kukunjua ncha ya khanga yake.

Mvua ndiyo iliyoniokoa. Ilishuka juu ya bati kwa kishindo hata mwenyekiti akawa anafungua mdomo bila kusikika. Aliandika kwenye karatasi akaiinua juu: KIKAO KIMEAHIRISHWA, ALHAMISI IJAYO.

Ijumaa, Mei 9

Sikutoka.

Jumapili, Mei 11

Kwa Mama. Kaka anachanganya mchanga na saruji kwa ajili ya safu ya nne, hajanisemesha. Mlangoni akasimama mtu, amevua viatu kabla hajakaribishwa, ameshika kofia. Mzee Taratibu.

"Nimeulizia nyumba yenye kizingiti kirefu," akasema. "Sikupotea."

Mama akamkaribisha, mzee akapanda, akaruka, akakaa. Alimpa pole Mama kwa maji, akauliza matofali yamefika bei gani, akamsifu Kaka kwa mkono wake. Nilitamani kupiga kelele. Kisha akanigeukia.

"Binti yangu, mbona ulisema uongo mahali penye ukweli wa kutosha?"

Nilimwambia yote: tarehe wazi, faili lipendeze, kamati.

"Mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi," akasema. "Nimempeleka bosi. Nikasikia Aprili kumi na nne. Nikajiuliza, huyu mtoto alikwenda bondeni kwa gari lipi? Gari lilikuwa gereji, breki zote nje. Limeandikwa. Februari kumi limeandikwa. Februari ishirini na nne limeandikwa. Baada ya hapo bondeni hatujakanyaga. Na chini ya kila safari pana sahihi ya Mwalimu mwenyewe."

Kaka aliacha mwiko wake wa zamani ndani ya ndoo.

"Kitabu kiko wapi?"

"Ofisini. Hakitoki bila sababu."

"Baba," nikasema, na sikumbuki kama nimewahi kumwita hivyo mtu yeyote tangu tumzike wetu, "watakufukuza."

"Nimebakiza miezi mitano nistaafu. Nimefikiri." Alizungusha kofia yake mara mbili. "Miaka thelathini na moja naandika kile kitabu, kila mtu ananicheka. Wewe pia ulinicheka."

"Nilikucheka."

"Haya. Taratibu." Akacheka yeye sasa, meno machache, na Mama akacheka, na mimi nikalia kwa hasira, ila safari hii hasira ilikuwa imenigeukia mimi, nami niliistahili.

Alhamisi, Mei 15

Ukumbi uleule. Nimevaa viatu vya mpira kwa sababu barabara haipitiki. Mwenyekiti alipouliza nani ana la kuongeza nilisimama, na baadhi ya watu wakaguna, "Sahihi huyo!" Ndilo jina langu jipya mtaani.

Sikuhutubia. Nilisema: "Mheshimiwa, sahihi ni yangu. Wiki iliyopita niliwadanganya. Niliacha nafasi ya tarehe wazi katika fomu ishirini na nne kwa sababu niliambiwa niache, na sikuuliza kwa sababu nilimpenda aliyeniambia. Vipimo vyote ni vya Februari. Aprili kumi na nne nilikuwa nimebeba godoro." Nikasoma ukurasa wa siku hiyo kutoka shajara hii, na ule wa Februari 24. Nikakaa. Dakika nne. Katibu alikuwa amefumba macho.

Wakili akasimama akatabasamu. "Shajara! Hata mimi ninaweza kwenda nyumbani nikaandika kwamba jana nilikuwa mwezini."

"Ndiyo," akasema mtu kwa nyuma, "ila ungehitaji gari."

Mzee Taratibu alikuja mbele. Hakuharakisha. Kitabu kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwingine. Alikifungua, akalamba kidole, na ukumbi wote, makamaradi, ukumbi wote ulingoja kidole kile kama mnavyongoja matokeo ya mtihani.

"Kabla sijasoma," akasema, "kitabu hiki hakitoki ofisini bila kuandikiwa. Nimeandika. 'Mei kumi na tano, saa mbili na robo, kitabu kimekwenda kikaoni. Kimebebwa na dereva. Kilomita hakuna, tumetembea.'"

Hata mwenyekiti alicheka. Kisha hakuna aliyecheka tena, kwa sababu alianza kusoma. Februari kumi: bondeni, abiria Mwalimu na mwanafunzi. Februari ishirini na nne: bondeni, abiria haohao. Machi yote, mji, benki, uwanja wa ndege, hakuna bondeni. Aprili kumi na nne: gari halikutoka, breki, fundi gereji amesaini. Alisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na kila tarehe ilianguka mezani kama tofali.

"Dereva anaweza kuandika apendacho," Mwalimu akasema.

Mzee aligeuza kitabu akamsogezea. "Kweli, Mwalimu. Ila hizi za chini, chini ya kila safari, sahihi ni za nani?"

Niliutazama uso niliowahi kuubandika ukutani kwangu. Ulikuwa unatafuta mlango.

"Tulikwenda kwa usafiri mwingine," akasema hatimaye.

Hapo Mama alisimama. Mama yangu hajawahi kusema mbele za watu, hata kwenye harusi yake alitikisa kichwa tu. "Mheshimiwa mwenyekiti, samahani. Siku hiyo mimi nilivushwa mgongoni na mwanangu yule pale. Naomba tu nielezwe, hao wenzetu walipita njia gani hadi wakaukuta udongo umepasuka? Watuonyeshe, nasi tuhamie huko."

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatoa uamuzi. Kibali hakitolewi kwa ripoti hii. Vipimo vya masika vitachukuliwa upya, hadharani, mbele ya yeyote atakayetaka kushuhudia, Jumamosi hii mvua ingali inanyesha. Wakili akasema kwa sauti ya chini, iliyokusudiwa isikike, kwamba kampuni nayo itakuja na wapimaji wake, na kwamba jua likiwaka siku mbili mambo hubadilika. Kwa hiyo msishangilie bado.

Nje, Kaka alinisimamisha chini ya ukingo wa bati. "Mwiko wangu mpya bado sijautumia," akasema. "Kuna kazi nyingine?"

"Ipo. Unaweza kushika fimbo ya kupimia wima, ndani ya maji, bila kuyumba?"

"Profesa, mimi nashika kuta."

Ijumaa, Mei 16

Asubuhi Mzee Taratibu amepewa barua ya kusimamishwa kazi. Amenionyesha: wamesahau kuandika tarehe. Ameijaza mwenyewe. Tasnifu yangu imerudishwa chini ya mlango wa bweni na kipande cha karatasi: "Tafuta msimamizi mwingine." Nitatafuta. Picha ya maandamano nimeibandua.

Mvua inanyesha ninapoandika. Inyeshe.

Makamaradi, mlinituma niwaletee hotuba, nimewaletea makosa yangu na siku zake. Sasa nawaita. Kesho, Jumamosi, Mei 17, saa mbili kamili asubuhi, tunakutana kwenye mlango wa bonde upande wa mtaa wa chini, na kutoka hapo tunakwenda kwa miguu hadi kigingi cha saba. Kampuni itakuja na watu wake. Sisi tuwe wengi zaidi, na tuwe kimya, ili kila mtu asikie namba ikisomwa. Vaeni viatu vya mpira. Wasiojua kuogelea wakae nyuma ya Kaka. Kila mmoja aje na kalamu yake, na kabla fimbo haijagusa maji, kabla hata ya kuulizana kina ni kiasi gani, Mzee atalamba kidole, nasi sote tutaandika tarehe.